Mwalimu na Wake Wenza wa Angani

Chuma kiliponilalia pajani sikusikia maumivu. Nilisikia vumbi kooni, nikasikia jiwe la zege likikokotwa upande wa pili wa mlingoti, halafu kimya, halafu Petro. Petro, kibarua mwenzangu, hakupiga kelele. Alivuta pumzi kama mtu anayetaka kukujibu, akaacha hapo. Ningenyoosha mkono ningemfikia, ila mkono nao ulikuwa umebanwa. Nikamwita, "Mgogo," kama nilivyozoea kumtania. Nikamwita tena kwa jina lake. Mlingoti mzima wa mawasiliano umelala kilimani, na sisi wawili tuko chini yake.

Wa kwanza kufika alikuwa Yoramu, mkandarasi. Naliandika jina lake kwa makusudi. Hakuinama. Hakumgusa Petro shingoni aone kama mshipa unapiga. Alisimama karibu na kichwa changu, akaiona spana mkononi mwangu, akawageukia watu waliokuwa wanapanda mbio, akasema kwa sauti ya kusikika na wote:

"Huyu ndiye aliyechezea waya."

Nimeona mabaya mengi katika miaka yangu hii hamsini na kitu, na hilo ndilo kubwa kuliko yote. Mguu ulipona kwa namna yake, natembea nao. Neno lile halikupona. Liliteremka kilima kabla yangu, likafika Mpwapwa kabla ya maiti ya Petro, likaingia nyumbani kwa mkewe, Mama Neema, likakaa.

Lakini sikukaa kuandika habari za Yoramu, ingawa nitarudi kwake. Naandika habari za Mwalimu. Miaka mingi nilimchukia, sasa simchukii, na ningependa watu wajue alikuwa mtu wa namna gani.

Kwao sikujui na sikuuliza. Alifundisha chuo hapa Dodoma, mwanamke mnene wa wastani, miwani imefungwa kamba, karanga mfukoni mwa koti. Alizitafuna muda wote, hata mbele ya wakubwa, na maganda alikuwa anayarudisha mfuko ule ule, kwa hiyo kila karanga aliyoitoa ilikuwa bahati nasibu. Sisi vibarua hakuwahi kutupandishia sauti. Maprofesa wenzake ndio waliomjua. Nilimsikia siku moja akimwambia mmoja wao kwamba hesabu zake zimevaa suti lakini ndani hazina shati.

Shikamoo alikuwa anaidai. Ukimpita bila kuamkia, anakuita nyuma: "Baba Shamsa, umeniona mti?" Ukishamwamkia anaitikia marahaba taratibu, kisha anauliza anachouliza siku zote. Hakuulizi umeshindaje. Anauliza: "Saa ya chai utakuwa wapi?"

Petro alidhani mama huyu anatupeleleza. Kumbe ndivyo akili yake ilivyofanya kazi. Kwake yeye mahali ulipo sasa hapakuwa na maana, kwa sababu mpaka akufikie utakuwa umeondoka. Ukimwambia "niko hapa" anacheka. Ukimwambia "nimeweka hapo" anauliza, "Hapo ni pa nani?" Mpaka tukajifunza kusema: hatua kadhaa kutoka kwenye tangi, upande wa jua linapotoka.

Mimi nimeishia darasa la nne, lakini kazi yake naweza kukueleza, kwa sababu alitueleza sisi kabla ya kuwaeleza wanafunzi. Alikuwa anasema, kama kibarua hakuelewa, basi mwanafunzi ataigiza tu kwamba ameelewa.

Yeye na wenzake wa nchi za mbali walikuwa na setilaiti mbili ndogo angani, kila moja ukubwa wa kreti ya soda. Kazi yao ni kupashana habari. Hii ikipita juu ya mashamba ikaona ukame, imwambie mwenzake aliye mbele, ambaye yuko karibu kufika penye watu wa kusikiliza. Sasa huko juu hakuna nguzo, hakuna barabara, na zote mbili zinakimbia. Sauti yao ni nyembamba kama uzi. Ikikosea kidogo imepita, haimfikii mtu. Kwa hiyo kila moja lazima ijue mambo mawili: mimi niko wapi, na mwenzangu atakuwa wapi uzi wangu ukifika. Mambo hayo wanayapata kwa zile setilaiti kubwa za kuonyesha njia, zile zile zinazoiambia simu yako kwamba uko Nkuhungu.

Zile mbili aliziita wake wenza. "Leo wake wenza wangu hawasemeshani," anatuambia asubuhi, uso umemshuka kama mtu aliyetoka kusuluhisha nyumba. Siku wakisemeshana analeta ubuyu, tunakula wote.

Sasa kilimani, njia ya kwenda Mpwapwa, kulikuwa na mlingoti wetu, na huo aliuita shahidi. Zile setilaiti kubwa za kuonyesha njia nazo hukosea kidogo, alisema. Mlingoti umesimama mahali panapojulikana. Zile kubwa zikiuambia uko kushoto kidogo, wenyewe unajua sikuhama, ninyi ndio mmekosea, na unawatangazia wake wenza wapunguze kiasi hicho. Shahidi ni shahidi kwa sababu hahami. Hilo alilisema mara nyingi mpaka Petro akawa analiimba akichota maji.

Somo la vioo nalikumbuka kuliko yote. Alitupeleka uwanja wa mpira wa chuo, jua la Dodoma linachoma, akampa Petro kipande cha kioo na mimi kingine. Akatuambia tuzunguke uwanja, kila mmoja kwa upande wake, bila kusimama, na kila mmoja ammulike mwenzake kifuani kwa mwanga wa jua. Wanafunzi wamekaa kwenye nyasi wanatucheka. Petro ananielekezea kioo nilipo, mwanga ukifika mimi sipo.

"Unammulika mtu aliyeondoka," Mwalimu akamwambia. "Mpelekee anakokwenda."

"Nitajuaje Mrangi anakwenda wapi?" Petro akajibu. "Huyu akinusa biashara anageuka katikati ya njia."

Basi Mwalimu akamweka binti mmoja wa chuo karibu na goli awe shahidi, atuambie kulia kidogo, kushoto kidogo. Kwa muda tukaweza kweli. Mwanga wangu ukakaa kifuani kwa Petro kama beji, wanafunzi wakaacha kucheka. Halafu ukaharibika. Tukakosa, tukakosa tena, na Mwalimu akawa anatulaumu sisi wawili kwamba tunatembea ovyo. Ndipo Petro akasimama, akafuta jasho, akasema kwa upole wake:

"Mwalimu, sisi tunatembea kama ulivyosema. Shahidi wako ndiye amesogea kivulini."

Tukatazama. Binti wa watu, jua limemzidi, amekuwa akisogea kidogo kidogo kufuata kivuli cha goli bila yeye mwenyewe kujua. Mwalimu alicheka mpaka akakaa chini. Akawaambia wanafunzi waandike hilo.

Alikuwa na kasoro zake. Mtu wa mawasiliano, lakini simu yake hapokei. Inalia mezani anaitazama kama kuku wa jirani. Mtu wa kuziambia setilaiti ziko wapi, lakini yeye mwenyewe hapa mjini alipotea kila wiki. Akitoka sokoni kwenda Nkuhungu anaweza kutokea njia ya Msalato, na akifika huko anabisha kwamba barabara ndiyo iliyokosea. Tulimsamehe. Petro alisema kichwa cha Mwalimu kiko juu sana, kuona mitaa ni shida.

Kasoro nyingine sikuiona mpaka yalipotupata. Alikuwa haamini jambo ambalo hakuliona kwa macho au kwa hesabu. Kwa wake wenza ilikuwa sifa. Kwangu ilikuwa kisu.

Hebu nieleze misingi ya mlingoti, maana mimi na Petro ndio tuliochimba. Mlingoti ule ulishikiliwa na waya pande zote, na kila waya mwisho wake umefungwa kwenye jiwe la zege lililozikwa. Jiwe lilitakiwa lizame mpaka kifuani kwa mtu mzima. Upande mmoja tulipofika magotini udongo ukawa mgumu, na Yoramu alikuwa na haraka ya kazi nyingine. Akasema inatosha, mwageni zege. Petro akauliza mara ya pili. Yoramu akamuuliza kama anataka kazi au anataka shule.

Gervas, msimamizi wa ujenzi, alikuja kukagua. Alikagua akiwa ndani ya gari, kioo kimeshushwa nusu kwa sababu ya jua. Akauliza, "Tayari?" Yoramu akajibu, "Tayari, mkuu." Kioo kikapanda. Ukaguzi ndio huo.

Masika yalipokuja, yale mazito, udongo wetu ukafanya unavyofanya. Kiangazi ni tofali, mvua ikikolea ni uji. Mimi sikuwepo. Nilikwenda kwetu Kondoa kwenye palizi, kama kila mwaka, nikakaa huko mpaka mtama ukasimama. Niliporudi kilimani, Yoramu akaniambia waya mmoja umelegea, chukua spana ukaukaze, Petro akushikie. Nikakaza. Yaliyofuata umeyasoma juu.

Kikao cha chuo kilikaa. Nilikwenda na magongo. Yoramu alisema hakunituma, nilijipeleka mwenyewe nikakaza kupita kiasi nikauvuta mlingoti. Nikasema jiwe lilizikwa magotini. Wakaenda kutazama: jiwe halipo. Kesho yake tu baada ya ajali Yoramu alishalivunjavunja akamwaga jipya, la kina kizuri kabisa, kwa usalama wa umma. Gervas alisema alikagua. Basi ikawa kibarua amekaza kupita kiasi, uzembe wa kibarua, kikao kimefungwa.

Mwalimu alikuwepo kikaoni. Yeye aliyewafokea maprofesa. Walipomuuliza anasemaje, alivua miwani akasema, "Sikuona. Siwezi kusema nisichokiona."

Alikuja hospitali kabla ya hapo, nisimnyime haki yake. Alikaa kwenye kitanda, akaniuliza mguu, akaacha karanga. Nilimwambia yote, jiwe, gari la Gervas, spana. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikujua kwamba kwake kusikia si kuona.

Miaka ikapita. Nauza vitunguu Nkuhungu, mezani, kwa sababu meza haihitaji mguu. Shamsa ameolewa. Mama Neema nilikutana naye stendi siku moja. Zamani ananiita shemeji, siku hiyo alinitazama kama unavyotazama ukuta, akapanda basi lake. Sikumlaumu. Nitakuambia kitu ambacho sikumwambia hata mke wangu: mimi mwenyewe nilianza kuushuku mkono wangu. Nikishika kitu cha kukaza, hata kifuniko cha dumu, nasimama. Najiuliza, je, kama kweli nilikaza mno? Uongo ukisemwa na watu wenye viatu vizuri, unaanza kuukumbuka kana kwamba ulikuwepo.

Mwaka jana, mchana, bodaboda akasimama mbele ya meza yangu. Nyuma yake mwanamke mzee, miwani kwa kamba, vumbi mpaka kwenye nyusi. Kijana wa bodaboda alikuwa amechoka kabisa. Akaniambia, "Mzee, huyu bibi tumezunguka naye kata nzima. Kila nikimuuliza anasema mbele kidogo."

Alikuwa amestaafu, amejenga Msalato, huko wanakojenga uwanja mpya wa ndege. Nilimwamkia. Kinywa kilimwamkia, moyo ulikaa. Akaitikia marahaba, lakini hakuniuliza nitakuwa wapi saa ya chai. Alikaa kwenye kigoda cha wateja.

Akaanza mbali, kama kawaida yake. Akasema baada ya ajali wakubwa walisema hata wake wenza walikuwa wabovu, kwa sababu wiki za mwisho kabla mlingoti haujaanguka walikuwa hawasikilizani hata kidogo. Neno hilo lilimkaa kooni. Alipostaafu, akiwa hana kazi, akazifungua tena hesabu za wakati ule ili aonyeshe kwamba wake wenza hawakuwa wabovu.

"Unajua nilivyoiagiza kompyuta?" akasema. "Niliiambia mlingoti ni jiwe. Hauhami. Ukiona kuna tofauti yoyote, kosa ni la wale wanaotembea. Kwa hiyo kila siku ilipoona tofauti, iliwalaumu wake wenza. Na mimi nikaamka kila siku nikawasahihisha wao."

Nikamwambia sielewi.

Akachukua kitunguu kimoja akakisimamisha mezani, akakizungushia vingine viwili kwa vidole. "Safari hii nikaifungua mkono. Nikaiambia, usimwamini hata shahidi. Mwache naye aseme alipo." Akakisukuma kile kitunguu kilichosimama, taratibu, kidogo, kidogo tena. "Ulikuwa unahama, Baba Shamsa. Tangu mvua zilipoanza. Kila siku unaegemea upande ule ule. Jiwe la upande wa pili lilikuwa linang'oka, na waya wa huku unalegea kwa sababu mlingoti wenyewe unakuja huku."

Nikamuuliza ulianza lini. Nilimuuliza polepole kwa sababu niliogopa jibu.

"Wewe ulikuwa Kondoa," akasema. "Unapalilia."

Sijui nieleze vipi. Watu wanasema mzigo hutuliwa. Wangu haukutuliwa, uliyeyuka nikiwa nimekaa nao. Nilitazama mkono wangu wa kulia juu ya meza, kati ya vitunguu, ukawa mkono tu. Mteja akaja akataka fungu moja, nikampa mawili, akaondoka haraka kabla sijagundua.

Mwalimu alikuwa bado anasema. "Petro aliniambia uwanjani. Mbele ya wanafunzi wangu wote. Nikacheka, nikawaambia waandike. Mimi sikuandika." Alivua miwani. "Kikaoni nilisema sikuona. Jicho lilikuwa juu ya ule mlingoti linaona kila siku, na aliyelifumba ni mimi. Ningeiacha kompyuta iseme, tungewashusha watu kilimani."

Ningeweza kumwambia maneno mengi, nilikuwa nayo, nimeyatunza. Nilimwuliza jambo moja tu: "Mama Neema ameshaambiwa?"

"Bado. Nimeanza kwako kwa sababu sijui njia ya kwake."

Tulipanda basi la Mpwapwa siku hiyo hiyo, nikafunika meza kwa turubai. Njiani alitafuna karanga mpaka tulipoona kilima. Mlingoti mpya umesimama pale, sijui wa nani. Aliutazama mpaka ukapita.

Mama Neema alikuwa anaanika mlenda uani. Aliponiona aliendelea kuanika. Mwalimu hakusubiri kukaribishwa. Alipiga magoti mchangani, mtu mzima yule, na magoti yake si mazuri, akaeleza yote kama alivyonieleza mimi, akaanza na kosa lake mwenyewe kabla ya la mtu mwingine. Hakutumia hesabu. Alisema mlingoti ulikuwa unaanguka muda mrefu, mumeo na huyu walitumwa chini yake na mtu aliyeona waya umelegea, na mimi nilikuwa na njia ya kujua.

Mama Neema aliacha kuanika. Kisha akauliza kama Petro aliumia sana. Nikamwambia hapana, ilikuwa haraka, na huo ni ukweli. Akaingia ndani, akatoka na maji kwenye kikombe cha bati, akampita Mwalimu akaja kwangu.

"Kunywa, shemeji," akasema. "Umetoka mbali."

Nilikunywa. Nikamrudishia kikombe, akampelekea Mwalimu.

Mwalimu ameandika barua chuoni, ameweka na hesabu zake. Amejibu lake, na amelijibu amepiga magoti. Mimi nalala vizuri siku hizi, nakaza vifuniko vyangu vya dumu, na Shamsa anasema nimeanza kucheka mezani.

Lakini waliobaki hawajajibu. Wewe Yoramu, bado unajenga, nasikia unajenga nyumba za ghorofa. Uliona waya umelegea. Fundi wa miaka yote hiyo unajua waya haulegei wenyewe. Mbona hukupanda wewe? Mbona ulituma watu wawili wasimame upande mlingoti unakoangukia, halafu ukaja ukamsingizia aliyebaki hai, na jiwe ukalivunja kabla hata maiti haijaoshwa? Na wewe Gervas, uliyepandishwa cheo, ulikagua nini kutoka ndani ya gari?

Chuo kimesema kinatafakari. Kitafakari. Mimi nawaulizeni ninyi wawili kwa majina yenu, na siulizii mguu wangu. Namwulizia mjane. Nendeni Mpwapwa, mwambieni Mama Neema mliliacha jiwe lizikwe chini kiasi gani. Ana viti. Atawapa mkae, atawasikiliza mpaka mwisho, maana hiyo ndiyo tabia yake. Kisha yeye ndiye atakayesema kama mnaweza kuondoka.